Tuliwaambia "Hakuna Shida"

Ifuatayo ni mada iliyotolewa baada ya swala ya Magharibi mbele ya Waislamu wa Kendwa na vijiji jirani, Mkoa wa Kaskazini Unguja. Tumeichapa kama ilivyosemwa, isipokuwa tumepunguza marudio.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, aliyemteremshia mwanadamu vazi la kumsitiri na akalifanya vazi la uchamungu kuwa bora zaidi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake.

Amma baad. Wazee wangu, ndugu zangu katika imani, na kina mama mlioko nyuma ya pazia, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mada niliyopewa inahusu uchi katika fukwe zetu. Wazee wa msikiti waliponiomba nizungumze nilitoa udhuru mara mbili. Udhuru wa kwanza ni kwamba mada hii mzungumzaji huipenda kwa sababu ni nyepesi. Hupandisha sauti, akawashutumu wageni, wasikilizaji wakaitikia takbira, kisha kila mtu akarudi kwake. Asubuhi wale waliotoa takbira ndio wanaofungua malango ya hoteli. Udhuru wa pili ni kwamba mimi mwenyewe nimo katika kesi hii, na mtu aliyemo katika kesi hakai kiti cha kadhi.

Lakini mwezi uliopita lilinitokea jambo chuoni, nikaona sina tena pa kujificha. Nilikuwa nikiwafundisha watoto masharti ya swala. Tulipofika kwenye kusitiri uchi, nikawaeleza mipaka yake kama tulivyofundishwa: kwa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na kwa mwanamke ni mwili wote isipokuwa uso na viganja. Mtoto mmoja wa miaka minane akanyoosha kidole. Akaniuliza, "Maalim, uchi upo kwenye swala tu?" Nikamuuliza kwa nini amedhani hivyo. Akanijibu, "Kwa sababu pwani haupo."

Ndugu zangu, kilichonitisha zaidi ya swali lenyewe ni kwamba watoto wenzake hawakucheka. Wote walikuwa wakiningoja mimi nijibu, kama wanavyongoja wakiuliza idadi ya rakaa. Mtoto yule hakukosea. Alisema alichokiona tangu alipoanza kutembea.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Wenye umri wangu wanaikumbuka Kendwa ya ngalawa, ya kina mama wanaokwenda kutanda dagaa, ya njia ya mawe inayotoka Nungwi. Wala tusidanganyane kwamba ilikuwa nchi ya malaika. Watoto wadogo tulioga uchi. Wavuvi walipovuta chombo walikunja misuli yao mpaka mapaja yakaonekana. Kina mama walitoka majini na kanga zilizorowa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo leo limeondoka kabisa: mtu aliyekuwa akipita pwani alipiga hodi. Ndiyo, hodi, pahali pasipo mlango wala ukuta. Akifika kwenye mwamba ule wa mwisho, hupaza sauti kabla hajajitokeza, na aliyeko upande wa pili hujifunga vizuri kisha humwitikia. Stara ilikuwa ni kazi ya watu wawili, anayejisitiri na anayepita.

Nyumba za wageni za mwanzo zilianza kujengwa pwani yetu katikati ya miaka ya 1990. Mnajua kwa nini walikuja hapa. Pwani za mashariki, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa huenda mbali mpaka ukaona mwani na mchanga mtupu. Kendwa maji hayaendi mbali, mtu anaogelea kutwa. Neema aliyotupa Allah kwa ajili ya vyombo vyetu ndiyo iliyowaleta.

Mwaka 1996 nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Tulikuwa tunarudi na baba yangu, Allah amrehemu, mimi nimebeba kapu na yeye amebeba nyavu. Tulipopita mwamba, alikuwapo mgeni mwanamke amelala juu ya mchanga, hana kitu mwilini. Baba hakupiga kelele. Alinishika uso kwa kiganja chake kilichonuka samaki, akanigeuza, akasema, "Mgeni anaoga." Mgeni hakuwa akioga, alikuwa kavu kabisa. Lakini baba alimtafutia udhuru ambao ungelingana na adabu zetu. Tukaiacha pwani, tukapita juu, kwenye mawe ya uwanda, miguu mitupu. Nilichanika kisigino siku ile.

Wazee walikwenda kwa mwenye nyumba za wageni, wakamweleza. Akawapokea kwa heshima, akaahidi. Msimu uliofuata vijana watatu wa wazee wale wale walikuwa wameajiriwa pale, na maneno yakapungua. Njia ya mawe ikawa ndiyo njia. Hebu lifikirini jambo hili: watu waliovaa nguo ndio waliohama mchangani wakapita kwenye mawe, ili wasiovaa wabaki kwenye mchanga. Hakuna aliyetulazimisha kwa bunduki. Tulihama wenyewe, kidogo kidogo, kwa adabu na kwa haja ya mshahara.

Nami nilipobaleghe nikawa papasi. Wageni mnaotusikiliza, papasi ni kijana anayewazunguka watalii pwani akiwauzia safari za Mnemba, viungo, na kadhalika. Sitoeleza yote ya miaka ile, kwani Mtume wetu (S.A.W.) amemlaumu mtu ambaye Allah amemsitiri usiku kisha yeye mwenyewe akajifunua asubuhi kwa kusimulia maasi yake. Na huko nako ni kuvua nguo. Nitasema lile tu lenye faida. Katika mwezi wa kwanza jicho langu lilishtuka. Katika mwezi wa tatu lilitafuta. Baada ya mwaka halikuona tena chochote, na hapo nilijisifu kwamba nimeshinda. Sikuwa nimeshinda. Jicho lilikuwa limekufa ganzi, kama kidole kilichochomwa na moto mara nyingi. Nikirudi nyumbani naona dada zangu wamejifunga kanga, nikawaona washamba. Hayo ndiyo mabadiliko ya mtazamo tunayoyazungumza, na yalinianza mimi kabla hayajamfikia mtoto wa chuoni.

Katika miaka hiyo nilikutana na mzee mmoja wa Kijerumani, makamo ya baba yangu. Alikuwa na desturi ya kulala uchi nyuma ya mwamba, na kina mama wanaopita walilalamika. Nikatumwa mimi kwa kuwa nilijua Kijerumani cha pwani. Nikamwambia kwamba jambo hili kwetu ni aibu kubwa. Mzee akajifunika taulo mara moja, uso umemwiva. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Siku ya kwanza niliuliza kama inaruhusiwa. Nikaambiwa hakuna shida."

Nani aliyemwambia? Kijana wa mapokezi, mtoto wa mjomba wangu. Na kama asingemwambia yeye ningemwambia mimi, kwa sababu neno hilo nilikuwa nikilisema mara hamsini kwa siku. Mgeni akiuliza kama maji ni salama, hakuna shida. Akiuliza kama anaweza kuingia mjini na kaptura, hakuna shida. Tumelichapa kwenye fulana tukaliuza. Kisha Ijumaa tunapanda juu ya mimbari, tunauliza wageni hawa wana nini hata hawatuheshimu!

Mzee yule akanieleza habari za kwao. Alikulia Ujerumani Mashariki, na huko kuoga uchi ziwani na baharini lilikuwa jambo la familia nzima, babu, bibi na wajukuu. Hakuliona kuwa la matamanio. Alisema hata serikali yao ilipojaribu kulipiga marufuku katika miaka ya 1950, watu waliikaidi na serikali ikasalimu amri. Mimi sikukubaliana naye na sikubaliani naye leo, kwani kipimo cha Muislamu si nia ya anayejifunua peke yake. Lakini nilimuelewa. Na akaongeza: "Kwetu pwani za namna hiyo zina kibao. Herufi tatu. Ukivuka kibao bila nguo, watu watakusema. Kibao chenu kiko wapi?" Nikanyamaza, maana hatukuwa nacho.

Ni vizuri tujue kwamba watu wa Ulaya na Marekani nao hawakuzaliwa hivi. Baadhi yetu tunadhani uchi ni asili yao kama weupe wa ngozi zao. Sivyo. Mwaka 1922, katika mji wa Washington, askari alikuwa akitembea ufukweni na ukanda wa kupimia, kuhakikisha nguo ya kuogelea ya mwanamke haipandi juu ya goti kupita kiasi kilichowekwa. Wanaume wenyewe katika baadhi ya fukwe za Marekani walikamatwa kwa kuacha kifua wazi hadi katika miaka ya 1930. Huko Ujerumani vyama vya watu wanaoishi bila nguo vilianza mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1933 watawala wapya wakavifunga. Na ile nguo ya vipande viwili tunayoiona hapa kila siku ilitolewa Paris mwezi Julai 1946. Aliyeibuni, Louis Réard, hakupata mwanamitindo wa kuivaa mbele ya watu, ikabidi amkodi mcheza dansi wa ukumbini. Akaiita Bikini, jina la kisiwa ambacho siku chache kabla Marekani ilikuwa imekiripulia bomu la atomiki. Jina nalo lina hadithi yake.

Kwa hiyo kilichotokea kwao ni kile kile kinachotokea hapa, isipokuwa wao walitangulia: jicho limezoea, kipimo kimesogea, na kizazi kinachofuata kimeona kipimo kipya kuwa ndiyo asili. Tena mambo yamepinduka mpaka anayejifunika ndiye anayeshitakiwa. Mwezi Agosti 2016, katika mji wa Nice nchini Ufaransa, zilipigwa picha zilizozunguka dunia nzima: askari wenye silaha wamemsimamia mwanamke aliyekaa pwani na nguo ndefu na kilemba, naye anavua vazi la juu mbele yao. Miji kadhaa ya pwani ya kusini ilikuwa imepiga marufuku nguo za kuogelea zenye stara. Mwisho wa mwezi ule ule mahakama yao kuu ya utawala ikaisimamisha amri ya mji mmojawapo, ikisema imevunja uhuru wa watu. Sisi tuseme haki, mahakama iliyotoa hukumu ile haikuwa ya Kiislamu.

Sasa turudi kwenye dini yetu, kwa sababu kuna kisa kimoja katika sira ambacho tunakisoma haraka haraka. Kabla ya Uislamu Waarabu walitufu Al-Kaaba uchi. Wengi wetu tumefundishwa hivyo na tukaishia hapo, tukadhani walikuwa wendawazimu. Hatuulizi kwa nini. Makureishi, ambao ndio wenyeji wa Makka, waliweka sharti kwamba mtu wa nje asitufu kwa nguo alizokuja nazo. Atufu kwa nguo ya mwenyeji, aazimwe au aipate kwa malipo. Asiyepata, avue na atufu hivyo hivyo. Mnaona? Uchi ule ulikuwa na wenyewe. Ulikuwa ni mpango wa watu wenye mji, wenye nafasi, wanaopata faida kwa mgeni. Mgeni alivua kwa sababu mwenyeji ndiye aliyemwekea utaratibu.

Na uliondolewaje? Katika mwaka wa tisa wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alimtuma Abubakar (R.A.) kuongoza Hija, na ikatangazwa Mina, mbele ya watu wote, kwamba baada ya mwaka ule asitufu mtu uchi. Ilitangazwa, ndugu zangu. Hawakuachwa watu wakisie. Haikuanza kwa kurushiwa mawe mtu ambaye hajaambiwa. Wenyeji walibadilisha utaratibu wao, kisha wageni wakajulishwa kwa sauti ya kusikika.

Tazameni tena Suratun Nuur. Amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume waumini, kisha ndiyo ikaja amri kwa wanawake waumini pamoja na habari ya mitandio. Tumezoea kuisoma ya pili kwa sauti na ya kwanza kwa kunong'ona. Nina habari kwamba wapo vijana wetu wanaopanda miamba na simu, wakawapiga picha wageni, kisha picha zikazunguka katika makundi yao ya simu, na wengine wanaozitazama wamo humu. Aliyelala uchi hajui hukumu ya Allah. Aliyepiga picha amesoma juzuu thelathini. Nani kati yao atakuwa na hoja Siku ya Kiyama?

Naomba sasa niseme jambo la bibi yangu mzaa mama. Alikuwa mtu wa Ng'ambo, Mjini, na alifariki mwaka 2004 akiwa mkongwe sana. Nilimtembelea wakati ule wa upapasi, nikajifanya mjuzi, nikamwambia kwamba dunia imekwenda mbele, watu hawashughuliki tena na nguo. Bibi alikuwa anakunja kanga zake. Akaniuliza, "Unajua bibi yangu alikuja Unguja na nini mwilini?" Nikasema sijui. Akasema, "Hakuja na kitu."

Bibi yake bibi yangu aliletwa kutoka bara, akauzwa. Mnaijua Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa mpaka likafungwa mwaka 1873 na pakajengwa kanisa. Watu walipangwa, wakageuzwa, wakatazamwa meno na miili, kama wanyama wanavyotazamwa mnadani. Baada ya kununuliwa, mjakazi alipewa kaniki ya kujifunga kifuani. Kichwa hakuruhusiwa kujifunika, kwa sababu kujifunika lilikuwa ni vazi la waungwana. Hebu tulisikie hili bila kulikwepa, kwa kuwa waliofanya hivyo walikuwa wakiswali. Wenye mali walijiwekea stara wao na wakawanyima wenziwao.

Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wale walianza kununua kanga. Baadaye, katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakavaa na buibui. Bibi alinisimulia kwamba bibi yake alipopata kanga yake ya kwanza, aliivaa mpaka barazani, akakaa, akavuliwa macho na wapita njia, naye hakuingia ndani. Alitaka aonekane amejifunika. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba stara kwa mwanamke wa Unguja ni minyororo, waende Mkunazini wakasome minyororo ilivyokuwa na waliofungwa walivyovalishwa. Katika mji huu, mtu wa kwanza kuvuliwa nguo hadharani alikuwa mtumwa, na alipopata uhuru jambo alilolikimbilia lilikuwa ni nguo.

Bibi alimaliza kukunja, akaniambia, "Wewe nenda kawatazame." Hakuongeza neno. Nilirudi Kendwa na gari ya jioni, na siku zile ndipo ganzi ya jicho ilipoanza kuniondoka.

Lakini msinisikie vibaya, mkadhani nilitoka hapo nikawa mtu mwema. Nilitoka kwenye ganzi nikaingia kwenye chuki. Niliacha upapasi, nikaanza kusomesha, na kila nilipomwona mgeni mwanamke pwani nilitema mate. Niliita hiyo kuwa ni ghera ya dini. Nilikuwa hivyo mpaka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011.

Hapana mtu wa Kaskazini asiyekumbuka Spice Islander. Meli ilitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu kupita kiasi chake mara nyingi, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, na waliopotea ni wengi kuliko waliozikwa. Alfajiri nilikwenda Nungwi kwa miguu pamoja na mama yangu. Mama alikuwa amebeba kanga zote alizokuwa nazo ndani, hata za sanduku. Nilimuuliza za nini. Hakunijibu, na nilipofika nikaona mwenyewe.

Maji huvua nguo. Mtu aliyekaa baharini usiku kucha, ameshikilia godoro au jerikeni, anatoka bila ya nguo. Kina mama wa Pemba, watu wa stara kuliko sisi, waliletwa mchangani na vyombo vya wavuvi wakiwa hawana kitu, wanatetemeka, na wengine hawana nguvu hata ya kujiziba kwa mikono. Kina mama wa Nungwi walisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, kila mmoja ana kanga mkononi, wakawafunika kabla hawajagusa mchanga. Wanaume tuligeuza nyuso. Pale niliona maana ya neno stara kwa macho yangu, na wala sikuwa na kitabu.

Wageni nao walikuwapo. Wale wanaofundisha watu kuzamia walitoka na boti zao pamoja na wavuvi wetu. Mmoja alikuwa mwanamke wa kizungu, ninayemjua kwa sura, mmoja katika wale niliowatemea mate. Alikuwa na nguo ya kuogelea tu, kwa kuwa ndivyo alivyoamka na ndivyo alivyorukia botini. Alikuwa amembeba mtoto. Alipomkabidhi mtoto, magoti yakamwisha nguvu, akakaa mchangani analia. Mama yangu alikuwa amebakiwa na kanga moja. Akaikunjua, akamwekea yule mwanamke mabegani, akamfunga mbele kama anavyofungwa mwari. Yule mwanamke akaishika kwa mikono miwili. Nilimwona baada ya saa nyingi, jua limepanda, bado amejifunga.

Sikupata kumsikia mama akimlaani mtu wa pwani, wala kumwambia kwamba hakuna shida. Alimfunika.

Sitorefusha. Watu wanauliza sheria inasema nini. Mwezi Septemba 2021 Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale ilitangaza kwamba itawatoza faini ya kuanzia dola 700 watalii wanaokwenda nusu uchi hadharani, na waongozaji wa watalii nao wakatajwa kwa kutowaeleza wageni mipaka. Hilo la waongozaji ndilo nililoliona kuwa na akili. Mwaka 2023 wageni waliozidi 630,000 waliingia Zanzibar, na sisi wenyeji kwa hesabu ya mwaka 2022 hatufiki milioni mbili. Huwezi kuweka askari mmoja kwa kila mgeni. Lakini kila mgeni amepokewa na mtu, amebebewa mzigo na mtu, ameulizwa na mtu kama anapenda chai au kahawa. Mtu huyo ni mtoto wa mmoja wenu.

Na jambo jingine, tusiwaachie wengine bahari. Huko Muyuni, upande wa pili wa mkoa wetu huu, wasichana wa shule wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na picha zao zilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2018. Wapo wazee waliopinga. Mimi baada ya Spice Islander siwezi kumpinga msichana anayejifunza kuelea. Kwanza yamkini ataokoka. Pili, mtoto aliyeona mwanamke aliyejisitiri yumo ndani ya maji anacheka, hatoniuliza tena kama uchi upo pwani.

Mtoto wangu wa chuoni nilimjibu hivi: "Uchi upo kila mahali alipo mtu, na pwani upo. Sisi wakubwa ndio tuliokaa kimya." Akaniuliza, "Sasa mtasema?" Watoto hawana huruma.

Kwa hiyo nimezungumza na wazee, na wamekubali. Tumeandika maneno machache ya kibao, yasiyo na matusi: kwamba hapa ni kijiji cha Waislamu, kwamba njia hii hupita wazee na watoto wanaokwenda chuoni, na kwamba tunamuomba mgeni wetu ajifunge nguo anapotoka majini. Kitawekwa pande mbili, kule kaskazini kwenye mwamba wa hodi, na huku inapoanzia njia ya mawe. Jumamosi baada ya swala ya Alasiri tutakwenda kwa wenye hoteli mmoja mmoja, kwa miguu, tukipitia mchangani. Maneno tunayo kwa Kiingereza na Kijerumani. Anayejua Kitaliano na Kipolandi kwa kuandika anione kabla hajatoka. Na kina mama wamesema watatoa kanga.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.